Vimelea Vyako Vilikuwa na Umri wa Saa Ngapi?

Nimesoma slaidi za malaria, yaani vioo vya damu vinavyotazamwa kwa hadubini, kwa miaka 9 katika Nyanda za Juu Kusini, miaka 4 ya mwanzo katika kituo cha afya wilayani Kyela na iliyobaki katika maabara ya utafiti jijini Mbeya. Katika muda huo wote hakuna swali lililonibadilisha kama lile nililoliweka kuwa kichwa cha simulizi hii. Niliulizwa nikiwa nimeshakosea tayari, tena kosa la miezi kadhaa ya kazi, na nilipolitafakari nikagundua kwamba lilikuwa likinisubiri tangu Kyela.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua za Kyela zikiwa zimepamba moto na barabara ya kwenda mashambani imegeuka tope. Mama mmoja aliingia akiwa amembeba mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa amepatwa na degedege mara mbili njiani. Nilimtoboa mtoto kidole, nikafanya kipimo cha haraka, kikatoa mistari miwili, yaani malaria ipo, kisha nikatengeneza tone nene la damu kwenye kioo, nikalikausha, nikalipaka rangi ya jimsa na kuketi kwenye hadubini. Enzi hizo tulikuwa bado tunatoa majibu kwa alama za kujumlisha, na ndiyo maana mpaka leo utamsikia mtu akisema "nina malaria mbili" au "nina malaria nne". Kwa mtoto yule niliona pete chache (vimelea vyenye umbo la pete), nyembamba, zenye kitone chekundu pembeni. Nikaandika alama moja, ya chini kabisa.

Tabibu aliisoma karatasi, akamtazama mtoto, akaisoma tena. Akaniuliza kwa upole, "Dada, una uhakika hukuchanganya slaidi?" Nilirudi nikasoma upya, safari hii polepole. Pete zilikuwa zilezile chache, lakini ndani ya baadhi ya seli nyeupe niliona chembechembe za rangi ya kahawia iliyokolea, kama unga wa kahawa uliomwagika. Niliziona na sikuandika chochote, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi yake na mimi sikujua maana yake. Namshukuru Mungu kwamba tabibu yule alimtibu mtoto badala ya kuitibu karatasi yangu. Alimwanzishia sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, na kumpeleka hospitali ya wilaya usiku uleule, na mtoto akapona.

Maelezo ya slaidi ile niliyapata miaka mitatu baadaye. Kimelea cha Plasmodium falciparum kikishaingia ndani ya seli nyekundu hukaa humo kwa takriban saa 48. Mwanzoni huwa pete, na seli iliyokibeba huzunguka mwilini kama seli nyingine yoyote. Kinapokaribia saa 20 hivi, kinakuwa kimeshatengeneza protini ambazo hupelekwa mpaka kwenye ngozi ya seli nyekundu na kuifanya inate kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, ya ubongo, ya utumbo, ya figo. Tangu hapo hakionekani tena kwenye damu ya kidole. Kinakomaa kikiwa kimejificha, kinagawanyika, kinaipasua seli, na watoto wake, kati ya 16 na 32 hivi, wanaingia kwenye seli mpya na kuwa pete tena. Kwa hiyo slaidi yangu ilikuwa imehesabu wachanga peke yao. Kama vimelea vingi vya mtoto yule vilikuwa vimefikia umri wa kunata, damu ya kidole ilikuwa haki yake kuonyesha vichache, huku ubongo ukiwa umejaa. Zile chembechembe za kahawia ni hemozoini, takataka inayobaki kimelea kikubwa kinapokula hemoglobini. Seli nyeupe huimeza wakati seli nyekundu zinapopasuka. Wakubwa nisiowaona walikuwa wameniachia alama, nami nikaipita.

Protini kuu ya kunata hutengenezwa na familia ya jeni (maelekezo ya urithi) ziitwazo var. Kimelea kimoja kinazo takriban 60, nacho hutumia moja tu kwa wakati mmoja huku nyingine zote zikiwa zimefungwa. Mwanamke mwenye sanduku la kanga 60 akatoka amevaa moja, kesho kinga ya mwili ikishaikariri akavaa nyingine: ndivyo kinavyofanya, na ndiyo maana mtoto wa Kyela anaweza kuugua msimu baada ya msimu kabla mwili wake haujafahamu kanga za kutosha.

Nilipohamia Mbeya nilipewa kazi ya kuotesha vimelea. Njia yenyewe ni ya mwaka 1976, ya William Trager na James Jensen wa New York, nayo haihitaji makubwa: seli nyekundu za binadamu, maji ya virutubisho yenye rangi ya waridi, joto la nyuzi 37, na hewa yenye oksijeni kidogo. Katika toleo lake la kwanza hewa hiyo ilipatikana kwa kuwasha mshumaa ndani ya mtungi wa kioo na kuufunika mpaka uzimike wenyewe. Baada ya siku chache chupa moja huwa na mchanganyiko wa kila umri, pete, wa makamo na waliokomaa, na ukitaka kujua jeni gani zinafanya kazi saa gani, mchanganyiko huo haukufai. Inakubidi uvipange viwe rika moja.

Tunavipanga kwa sobitoli, aina ya sukari, katika maji ya asilimia 5, njia iliyoandikwa mwaka 1979. Unaondoa virutubisho, unamimina sobitoli, unasubiri dakika kadhaa, na vimelea vikubwa vinapasuka pamoja na seli zao huku pete zikibaki salama. Mara ya kwanza nilifanya kama mtu anayefuata maelekezo ya kupika, bila kuuliza kwa nini. Sababu yake ni kwamba kimelea kinapokua hufungua njia mpya kwenye ngozi ya seli nyekundu ili kiingize chakula, na sobitoli hupitia njia hizohizo, ikavuta maji mpaka seli ikapasuka. Pete haijazifungua bado. Jeni za njia hizo zipo ndani ya pete na zipo ndani ya kimelea kikubwa, herufi kwa herufi, lakini kazi yake imeonekana kwa mmoja na bado haijaonekana kwa mwingine. Nilikaa na chupa ile mkononi kwa muda. Nilikuwa nimeua nusu ya vimelea kwa kutumia tofauti ya umri peke yake.

Orodha kamili ya jeni za kimelea hiki ilitangazwa mwaka 2002: kromosomu 14, jeni zipatazo 5,300. Mwaka uliofuata maabara ya Joseph DeRisi huko San Francisco ilitoa ramani ya saa kwa saa ya mzunguko wote wa saa 48 ndani ya seli nyekundu, ikionyesha ni RNA (nakala za jeni zinazosomwa kutengeneza protini) za jeni zipi zinapanda na kushuka katika kila saa. Angalau asilimia 60 ya jeni zote zilionekana kufanya kazi, na nyingi kati ya hizo zilipanda mara moja na kushuka mara moja, kila moja kwa wakati wake, muda mfupi kabla kazi yake haijahitajika. Za kutengeneza protini hutangulia, za kunakili DNA hufuata, na za kuvamia seli mpya huja mwishoni kabisa. Mimi mtoto wa wakulima wa mpunga sikupata shida kulielewa jambo hilo: hakuna anayetoa mundu siku ya kupandikiza miche.

Kuelewa kitu na kukikumbuka unapofanya kazi ni mambo mawili. Tulianza utafiti wa kulinganisha vimelea vya watoto wenye malaria kali na vya watoto wenye malaria ya kawaida, tukitaka kujua kama kuna jeni zinazofanya kazi zaidi kwa wale wanaozidiwa. Damu za malaria kali zilichukuliwa wodini, hospitali ikiwa mwendo mfupi kutoka maabara yetu, na zilihifadhiwa papo hapo. Damu za malaria ya kawaida zilitoka kwenye zahanati za Kyela. Zilipandishwa kwa gari ndani ya sanduku, kutoka takriban mita 500 za usawa wa Ziwa Nyasa, zikapita Tukuyu na Kiwira kwenye ukungu, mpaka Mbeya kwenye mita 1,700 hivi, na mara nyingine gari lilisimama kwa saa nzima kusubiri lori lililokwama litolewe. Mirija ilifika alasiri. Mimi ndiye niliyeipokea, na mimi ndiye niliyeandika utaratibu ule.

Majibu yalipotoka yalikuwa ya kufurahisha mno. Mamia ya jeni yalitofautiana kati ya makundi mawili. Niliandaa picha za rangi, nyekundu huku na kijani kule, nikazipeleka kwa mkuu wetu, mama mtu mzima tuliyemwita Dokta bila kuongeza jina. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akavua miwani.

"Mwanangu, vimelea vyako vilikuwa na umri wa saa ngapi?"

Nilimjibu kwamba vyote vilikuwa pete. Akasema pete ya saa 4 na pete ya saa 16 huitwa jina moja kwa sababu macho yetu ni mabovu, na akanirudishia karatasi. Hakunigombeza. Ningeona nafuu kama angenigombeza.

Nilizichukua jeni zangu nikaziweka juu ya ramani ya saa 48, sampuli moja baada ya nyingine, kukadiria umri wa vimelea vya kila mtoto. Vya Kyela vilikuwa na umri mkubwa kidogo, na pamoja na hayo vilionyesha jeni za kimelea kilichosumbuliwa na baridi na kukosa sukari. Damu iliyomo ndani ya mrija haijafa. Kimelea kinaendelea na saa yake humo mpaka mtu akizime. Kile nilichokiita tofauti kati ya mtoto aliyezidiwa na mtoto asiyezidiwa, kwa sehemu kubwa, kilikuwa barabara ya kutoka Kyela. Nilipolinganisha sampuli za umri unaofanana, tofauti nyingi zilianguka.

Hata hivyo lilibaki fungu dogo la jeni lisilotaka kuanguka, likiwa juu kwa baadhi ya watoto wa Kyela na halina mahali pa kukaa kwenye ramani ya saa 48. Nililiangalia kwa siku mbili kabla sijaelewa kwamba nilikuwa nikiitumia ramani ya watu wa safari moja kuwatafuta waliochukua njia panda.

Vimelea vichache katika kila kizazi huacha kugawanyika na kuanza kuwa gametositi, yaani dume au jike linalosubiri kunyonywa na mbu. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba anayefungua mlango huo ni jeni moja iitwayo AP2-G, ambayo kwa vimelea vingi hubaki imefungwa kabisa. Ikifunguliwa, protini yake huwasha jeni nyingine nyingi, na safari ya kukomaa huchukua siku 10 hadi 12. Gametositi changa nayo hujificha, zaidi ndani ya uboho wa mifupa, na hurudi kwenye damu ikiwa imekomaa na imejipinda kama ndizi mbichi. Niliporudi kwenye slaidi za watoto wale, ndizi zilikuwepo. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumeziona wakati wa kusoma tukazihesabu pembeni, kwa sababu mradi ulikuwa wa homa na gametositi haileti homa.

Jambo hilo lilinirudisha kwa mama mwingine wa Kyela, aliyenijia enzi zile akiwa na uchungu wa haki. Mwanawe alimaliza dozi zote 6 za dawa mseto kwa siku 3, kama alivyoelekezwa, na homa ikaondoka. Alipomrudisha baada ya wiki moja kwa ajili ya kikohozi, kipimo kikaonyesha mistari miwili, na kwenye slaidi kukawa na vimelea. "Ndaga (asante), mwanangu," alisema, "lakini dawa mlizonipa zilikuwa za kweli?" Nilimjibu vibaya, kwa haraka, kwamba labda mtoto alitapika dozi moja. Leo ningemwambia mambo mawili. Kipimo cha haraka kinatafuta protini iitwayo HRP2, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata vimelea vikishakufa. Na vile nilivyoviona kwenye slaidi vilikuwa ndizi tupu. Gametositi iliyokomaa imeshamaliza kula hemoglobini, imezima shughuli nyingi ambazo dawa huzishambulia, nayo huhimili dawa mseto ambayo imewamaliza ndugu zake wote. Haimuumizi mtoto, lakini inaweza kumwambukiza mbu, na kwa ajili hiyo tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani limependekeza dozi moja ndogo ya primakwini, dawa ya kuua gametositi, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, katika maeneo yanayolenga kukatisha maambukizi. Mama yule alikuwa ametoa dawa kwa uaminifu, na mimi nilimwondoa pale akijiona amekosea. Hilo linaniuma kuliko zile picha zangu za rangi.

Katika marudio ya kazi ile nilikwenda Kyela mwenyewe, na huko nikaona kitu ambacho nimekiona mara tatu tu maishani. Nilikuwa nimeweka tone bichi la damu ya mtoto mwenye ndizi chini ya hadubini, bila kulikausha, nikalisahau kwa dakika kumi na tano hivi nikijaza fomu. Niliporudi, seli moja ilikuwa ikitetemeka. Kisha kutoka ubavuni mwake zikachomoza nyuzi, zikicharaza seli za jirani kama mijeledi, na moja ikachomoka ikaenda zake. Hicho ndicho alichokiona daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, huko Constantine nchini Aljeria tarehe 6 Novemba 1880, akajua kwamba malaria ina kiumbe hai. Gametositi dume hupata habari kwamba imetoka mwilini kwa kuwa joto limeshuka nyuzi chache na mazingira yake yamebadilika. Ndani ya robo saa hunakili DNA yake mara tatu na kutoa mbegu 8. Pale mezani Kyela halikuwepo tumbo la mbu. Kulikuwa na kipande cha kioo na upepo wa dirishani, na kimelea kikaamini kimefika.

Jike ndilo lililonifundisha zaidi, ingawa halitikisiki. Limeshaandika RNA za protini ambazo litazihitaji ndani ya mbu, mojawapo ikiwa Pfs25, likazifunga na kuziweka akiba bila kuzitafsiri kuwa protini. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwa kimelea cha panya kwamba kuna protini maalumu, DOZI, inayozilinda RNA hizo zisisomwe mpaka wakati wake. Kwa hiyo katika yale mamia ya jeni niliyoyasifia, kuwepo kwa RNA hakukunipa haki ya kusema kwamba kazi imefanyika. Wakati mwingine ni barua iliyoandikwa, ikafungwa, na haijapelekwa.

Tulibadilisha utaratibu. Kila zahanati ilipewa mirija yenye kimiminika kinachoizima RNA pale pale, slaidi mbili zikawa zinatengenezwa kabla damu haijaondoka, gametositi zikapewa safu yake kwenye daftari, na chembechembe za kahawia kwenye seli nyeupe zikapewa yake. Fomu ikadai saa ya kutoa damu na saa ya kuitia kwenye kimiminika, kwa sababu mhudumu aliye peke yake na foleni ya watu 40 hawezi siku zote kufanya vyote kwa mara moja.

Mwezi wa kwanza fomu ziliporudi, baadhi zilionyesha kwamba damu ilikaa kwenye mrija mtupu kwa zaidi ya saa 6. Nilikasirika, nikapanda gari. Nilimkuta muuguzi wa makamo, tukaamkiana vizuri, nikamwonyesha fomu: damu imetolewa 4:00, imetiwa kwenye kimiminika 10:15. Aliisoma akashangaa nina shida gani. Saa nne asubuhi alitoa damu, ndivyo alivyoandika. Ile ya pili ilikuwa imeandikwa na kijana wa mafunzo aliyeitazama simu yake, ambayo ilisema 10:15, naye akanakili alichokiona. Kati ya matukio hayo mawili zilikuwa zimepita dakika 15.

Saa 6 kamili, tofauti ya saa yetu na saa ya simu, ni sehemu ya nane ya maisha ya kimelea ndani ya seli nyekundu. Ingetosha kumhamisha kutoka rika moja hadi jingine katika hesabu zangu, na nilikuwa nimekwenda kumlaumu mama wa watu. Nilimwomba radhi. Tukakaa kwenye benchi la nje, tukachukua rula, na kwenye kila fomu iliyobaki tukachora visanduku vinne karibu na nafasi ya saa: alfajiri, asubuhi, mchana, usiku. Alipendekeza tuongeze jioni, kwa ajili ya wanaorudi shambani wakiwa na homa. Tukaiongeza.